Itifaki ya Siti ya Nyuma

Nchi yetu bado haina jina. Kamati ya kulitafuta iliundwa zamani, ikakutana, na tangu ikutane inajadili katibu akae upande gani wa mwenyekiti. Msitucheke. Kila taifa lina kipaji chake na sisi chetu ni kukaa. Mgeni akija kwetu haonyeshwi mlima wala ziwa, anaonyeshwa meza kuu: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na chupa ya maji mbele ya kila tumbo lenye cheo. Nimewahi kuhudhuria mazishi yaliyochelewa kwa sababu marehemu alikuwa amelazwa kushoto kwa Diwani, wakati kwa heshima yake alistahili kulia. Akahamishwa. Hotuba zikaanza, na inasemekana hata yeye alionekana ametulia zaidi.

Basi ilipopitishwa sheria kwamba kila mtoto anayepanda gari awe na kiti chake, kilichofungwa vizuri na mkanda wake, sote tulishangilia. Na ni sheria nzuri, nasema kweli, nisije nikaeleweka vibaya na watu wenye magari meusi. Watoto walikuwa wanarushwarushwa humo ndani kama maharage kwenye ungo. Swali lilikuwa moja tu: isimamiwe na nani? Wizara ya Barabara ikasema mtoto si barabara. Wizara ya Afya ikasema mtoto asiyeumwa hawahusu. Mwisho akasimama bwana mmoja mwenye akili nyingi akauliza, "Kwani jambo lenyewe si nani akae wapi?" Ubishi ukaisha. Sheria ikapelekwa Idara Kuu ya Itifaki, kwa wale wale wanaopanga meza kuu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, Shomari, fundi makochi wa mtaa wa Kiwandani. Nusu ya wilaya hii imekaa juu ya kazi ya mikono yangu. Kiti nikikiona nakijua kuanzia uvunguni mpaka mgongoni, na nilikuwa nikijisifu hivyo mbele ya yeyote anayesikiliza na wengi wasiosikiliza. Endelea kusoma, ndugu yangu, utaona sifa zilivyonifikisha.

Mke wangu Mwajabu alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika hospitali ya wilaya. Nyumbani tayari tuna pacha wa miaka minne, Kulwa na Doto. Walipozaliwa wale, Mwajabu alikwenda kukaa arobaini kwa mama yake, Bi Hadia, nami nikawa naenda kumwona mke wangu mwenyewe kwa kubisha hodi na kuambiwa subiri nje. Safari hii nikaapa. Nikamfuata mama mkwe nikamwambia arobaini hii itakaliwa kwangu. Nitapika mimi, nitafua mimi, nitaamka mimi.

"Wewe, mkwe?" Bi Hadia akaniuliza. "Wewe si uliunguza chai?"

"Mama, siku hizi nimebadilika."

"Haya. Mtoe hospitali mapema, afike kwako kabla jua halijawa kali, mimi sitasema neno. Lakini ukiniwekea mwanangu juani na kichanga mkononi, anakuja kwangu. Na hapo usinibishie hodi."

Tukakubaliana. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kabisa: viti vitatu vya watoto, siti moja ya nyuma, fundi mmoja mwenye jina.

*

Gari langu ni dogo. Lilipotengenezwa huko lilikotengenezwa, nadhani walimpimia mtu mmoja mwembamba na mawazo yake. Nikafunga kiti cha Kulwa upande wa kulia, cha Doto kushoto, na katikati nikakisukuma kile cha mtoto mchanga. Nikafunga mlango wa kushoto. Wa kulia ukafunguka wenyewe. Nikazunguka, nikaufunga wa kulia. Wa kushoto ukafunguka na kiti cha Doto kikadondoka chini, Doto akiwa bado amefungwa ndani yake, anapiga makofi.

"Baba, tena!"

"Baba," Kulwa akashauri, "Doto akae kwenye buti."

"Wewe ndiye ukae kwenye buti!"

"Hakuna wa kukaa kwenye buti," nikasema, ingawa kwa wakati ule nilikuwa nikiliwaza hilo buti kwa ajili yangu. Nikajipenyeza katikati ya viti kutafuta tundu la mkanda, kichwa chini, miguu nje, nikakwama. Kulwa akainama akaniuliza kama nimeshafika hospitali.

Nilipofanikiwa kutoka, shingo imepinda na heshima imebaki mle ndani, ndipo nikakumbuka alichosema muuguzi: kiti cha mtoto mchanga kifungwe kikitazama nyuma, kwa sababu shingo yake bado laini. Nikakigeuza. Ajabu! Mabega ya viti yakapishana, kipana kikaingia kwenye chembamba, vyote vitatu vikakaa kama meno mdomoni. Milango ikafunga, yote miwili, kwa wakati mmoja. Nikaita majirani waje waone. Hawakuja, lakini niliita.

*

Kesho yake asubuhi nikafika hospitali na pacha wangu, mapema kama mtu mwenye ahadi. Langoni, chini ya mwavuli, alikuwa amekaa Afisa Itifaki wa Wilaya, Bwana Kilumanga, suti nyeusi, glavu nyeupe, filimbi shingoni. Kwa utaratibu mpya, hakuna kichanga kinachotoka hospitali kwa gari mpaka ukaaji wa gari hilo ukaguliwe.

Akachungulia siti ya nyuma. Akashusha pumzi kama mtu aliyekuta nguruwe kwenye harusi.

"Mkubwa hapa ni nani?"

"Kulwa, mzee. Alitangulia kuzaliwa."

"Kutangulia si ukubwa. Kwenye msafara anayetangulia ni nani?"

"Pikipiki, mzee."

"Na Mheshimiwa?"

"Anakuja nyuma."

"Basi Kulwa ni pikipiki. Mheshimiwa ni huyu." Akambadilisha Doto akamweka kulia, akamwekea chupa ya maji mapajani. Kulwa akaangua kilio. Doto akanyamaza kidogo, akikizoea cheo, kisha akatangaza, "Mheshimiwa anataka kukojoa."

Tuliporudi kutoka msalani Bwana Kilumanga alikuwa amesimama mbele ya kiti cha katikati, glavu mkono mmoja ameivua.

"Na hiki mbona kinatazama nyuma?"

"Shingo ya mtoto bado laini, mzee. Ndivyo inavyotakiwa."

"Taifa linasonga wapi?"

"Mbele, mzee."

"Na mwanao atakuwa anatazama wapi?"

"Nyuma, lakini..."

"Nyuma kuna nini?"

Nikageuka nikatazama kwa uaminifu kabisa. "Jalala la hospitali, mzee."

"Nyuma kuna utawala uliopita!" akafoka, mpaka mlinzi wa lango akasimama wima. "Mtoto anayetazama nyuma anautamani utawala uliopita!"

"Mzee, amezaliwa juzi. Hakuukuta."

"Ndiyo maana tunataka kujua nani anamtuma."

Akapiga simu makao makuu. Akasikiliza, akasimama vizuri, akasikiliza tena. Alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika, umejaa asali.

"Mheshimiwa Shomari," akasema. Hajawahi mtu kuniita hivyo, isipokuwa mteja mmoja aliyekuwa anataka kochi kabla ya kulilipia. "Bahati yako. Naibu Waziri yuko wilayani leo. Anakuja kuliamua suala hili mwenyewe, na baada ya hapo gari lako litazinduliwa rasmi kuwa Gari la Mfano la Taifa. Utasoma risala."

Hapa mtu mwenye akili timamu angesema, ahsante mzee, nina mke ananingoja. Mimi niliuliza kama kutakuwa na picha.

Wakanibandika ua la utepe kifuani. Nikaenda mpaka kwenye baraza la wodi, nikitembea kwa kutanguliza kifua ili ua lifike kwanza. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto kifuani chini ya kanga, mfuko wa nguo miguuni.

"Baba Kulwa, twende. Jua hilo linapanda."

"Kidogo tu, mke wangu. Naibu Waziri yuko njiani."

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Ndiyo, na mimi nimefika, ila sasa kuna..."

"Hilo kifuani ni nini?"

"Ua."

"La nani?"

"La taifa."

Akanitazama, kisha akalitazama jua, kisha akasogea kwenye benchi kufuata kivuli kilichokuwa kinakimbia. Nilijiambia amefurahi ila hapendi kuonyesha. Nilikwenda kutunga risala.

*

Kivuli cha benchi kilikuwa kimekwisha kabisa Naibu Waziri alipofika. Turubai limesimamishwa, meza kuu imepambwa, na viti vya watoto vimetolewa garini vikafungwa vitambaa vya satini na vishada mgongoni, kama vya maharusi. Naibu Waziri alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Akatusalimia kwa kirefu, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena mwenyewe kwa kutaja majina yote.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna wanaotaka watoto wetu wasafiri kinyumenyume. Tunawauliza, mmeona wapi kuku anatembea kinyumenyume? Mmeona wapi taifa? Mtoto huyu atatazama mbele, hata kama shingo haitaki! Shingo itaelimishwa!"

Makofi.

Bwana Kilumanga akamnong'oneza kwamba viti vikitazama mbele vyote, havienei. Naibu Waziri akafumba macho kidogo, kama watu wakubwa wanavyofanya wanapopata wazo au usingizi. "Gari lina siti ngapi mbele?"

"Mbili, Mheshimiwa. Ya dereva na ya abiria."

"Ya abiria ing'olewe. Kiti cha mtoto kisogee pale, mbele ya wenzake, kinavyostahili kwa mgeni rasmi."

Makofi makubwa zaidi. Muuguzi mmoja pembeni akanyoosha mkono. "Na mama mzazi je? Ile si ndiyo siti yake?"

"Swali zuri sana," akasema Naibu Waziri. "Mama atashughulikiwa katika awamu ya pili."

Sasa, siti haijing'oi yenyewe. Anatakiwa fundi. Macho yote yakamgeukia fundi, na fundi alikuwa na ua kifuani na spana mfukoni. Ndugu yangu, niliing'oa. Niliifungua bolti moja baada ya nyingine, nikiwaeleza wapiga picha ninachofanya, nikaibeba siti ya mke wangu nikaiweka jukwaani, ambako waliifunga utepe na kuiandikia kibao: KITI CHA AWAMU YA PILI. Viti vya watoto vikarudishwa garini, cha kichanga mbele, watu wakashangilia. Nami nikapiga makofi spana ikiwa bado mkononi, nikajigonga kidole.

Ni kile kidole kilichonifanya nigeuke. Pale bencheni Mwajabu alikuwa amesimama. Amejifunga kanga kiunoni, mtoto mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Akawaita pacha kwa vidole viwili tu, na Doto, aliyekuwa ameketi meza kuu mbele ya chupa yake ya maji, alishuka bila kuaga.

Wakafika langoni. Mlinzi akababaika, akatazama utaratibu uliobandikwa ukutani. Utaratibu ulimhusu kichanga anayeondoka amekaa. Anayeondoka amebebwa hakuwa ametajwa popote. Mlinzi akafungua lango, akapiga saluti.

*

Niliruka garini. Na kwa kuwa gari langu sasa lilikuwa la Mfano, halikuruhusiwa kwenda popote bila msafara. Mbele pikipiki, nyuma gari jeusi la Naibu Waziri, nyuma yake Bwana Kilumanga na filimbi, king'ora juu, na katikati mimi, kwenye gia ya kwanza, nikimfuata mwanamke anayetembea polepole kwa maumivu kando ya barabara.

"Mwajabu! Panda, mke wangu!"

Akazidi kutembea. Mbele yetu kulikuwa na kituo cha mafuta, na hapo ndipo barabara inagawanyika: kushoto ni Kiwandani kwetu, kulia ni kwa Bi Hadia. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikalipitisha gari langu kidogo mbele yake, nikasimama, msafara mzima ukasimama kwa breki zenye heshima.

"Panda, tafadhali. Umetoka kujifungua."

Mwajabu akasimama. Akachungulia ndani ya gari, muda mrefu. Pale ilipokuwa siti yake palikuwa na kiti cha mtoto chenye kishada cha satini.

"Nikae wapi?"

Nikatazama siti ya nyuma, kisha yangu.

"Nionyeshe tu, Baba Kulwa. Wewe si fundi wa viti?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikashuka. Nikakivua kiti cha mtoto kile kishada, nikakirudisha nyuma katikati, nikakigeuza kitazame nyuma, nikakifunga. Cha Kulwa kulia, cha Doto kushoto, mabega yakapishana, milango ikafunga. Filimbi ikalia. Bwana Kilumanga alikuwa anakuja mbio, glavu zinapepea.

"Shomari! Unaligeuza taifa! Barabarani! Mbele ya Naibu Waziri!"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi si mtu jasiri. Huwa naomba radhi hata nikikanyagwa. "Mzee," nikasema, "Naibu Waziri yuko wapi?"

"Yuko nyuma yako!"

"Basi kila anayetazama mbele anampa nani mgongo?"

Bwana Kilumanga akasimama. Akanitazama. Akaitazama pikipiki, dereva wake akiwa amempa mgongo Mheshimiwa tangu hospitali. Akatazama msafara wote. Jasho likaanza kumtoka chini ya kola. Katika maisha yake yote ya kupanga watu, hakuwa amewahi kuliona hilo.

Kioo cha gari jeusi kikashuka. Naibu Waziri akatazama siti ya nyuma, ambako Mwajabu alikuwa ameshamlaza na kumfunga mtoto, na mtoto, kwa macho yale ya siku za kwanza ambayo hayajaamua kuona nini, alikuwa amemwelekea yeye barabara.

"Huyu," akasema Naibu Waziri kwa uchungu, "ndiye raia pekee asiyenigeuzia mgongo leo." Akampungia mkono. Nasikia sasa kuna kamati inachunguza kama madereva nao wageuzwe.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Watoto watatu walikuwa wamekaa vizuri kabisa, na mama yao bado amesimama juani. Kwenye gari zima nafasi ilibaki moja, nayo ilikuwa yangu. Mwajabu ana leseni. Aliipata kabla yangu, jambo ambalo huwa silitaji mbele za watu.

"Utaweza?" nikamwuliza.

"Kuliko kutembea."

Nikampa funguo. Akaingia taratibu, akajipanga nyuma ya usukani, akakunja uso, akashusha pumzi. Nilikuwa nataka kumwomba aende kushoto. Nilikuwa na maneno mazuri, mengine yalitoka kwenye ile risala. Kwa mara ya kwanza siku ile nikanyamaza. Indiketa ikawaka. Ya kulia.

*

Nilirudi hospitali kwa miguu. Sherehe ilikuwa imefika kwenye soda na pilau, hakuna aliyeshughulika na mtu asiye na gari. Nikapanda jukwaani, nikakivua kile kiti utepe, nikakijitwika kichwani. Siti ya gari ni nzito, na haina adabu. Wenzo wake wa kulazia mgongo ulikuwa unanigonga sikio kila hatua. Kote nilikopita watu waliniita. "Fundi, unalihamisha gari kidogo kidogo?" "Fundi, injini utairudia lini?" Niliwajibu wote. Siku ile nilistahili.

Bi Hadia alikuwa kibarazani kwake anachambua mchele. Gari langu limeegeshwa uani, milango wazi, pacha wanalichezea.

"Umechelewa, mkwe."

"Nimechelewa, mama."

"Na hicho?"

"Kiti cha Mwajabu."

Akakitazama, akanitazama mimi chini yake, akapuliza makapi pembeni. "Kiweke kivulini basi. Mwenzio mgongo unamuuma."

Nikakiweka. Mwajabu akatoka ndani na mtoto, akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu akafumba macho.

"Kinayumba."

"Hakijafungwa."

"Spana unayo?"

Nikagusa mfuko. "Ninayo."

"Kesho asubuhi kifunge. Ukimaliza, utatupeleka nyumbani."

Bi Hadia akaguna, lakini aliendelea kuchambua mchele wake.

"Na hilo ua livue," Mwajabu akasema. "Litamchoma mtoto."

Sikuelewa mpaka aliponinyooshea kile kifurushi. Nikalivua ua nikakaa chini kwenye mkeka, nikapokea. Tangu asubuhi nilikuwa nimemtetea huyu mtoto, nimemtungia risala, nimemgeuza mbele na nyuma, na nilikuwa sijamtazama usoni. Alikuwa na nyusi za Bi Hadia. Akanikagua kwa ukali kidogo, kama mtu asiyejali cheo cha yeyote, akapiga miayo, akalala. Baada ya muda mkono wangu ukaanza kufa ganzi. Sikuusogeza.